Kumtafuta Mtumiaji kwa Mstari wa Amri: Amri ya finger na Rekodi Iliyobaki Wazi

Mifumo ya Unix iliundwa ili kompyuta moja itumiwe na watu wengi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, swali la nani yumo ndani ya mfumo lilianza kama swali la ujirani kazini: mwenzangu yupo au ametoka? Amri za kulijibu swali hilo zingali zinatumika katika seva za vyuo vikuu hadi leo. Inayofaa kuchunguzwa kwanza ni ile ambayo karibu imeachwa, kwa kuwa historia yake inaonyesha kilichobaki baada yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Les Earnest aliwaona wenzake wakipitisha kidole juu ya orodha iliyotolewa na amri ya WHO. Walikuwa wakitafuta mstari wa mtu fulani katikati ya vifupisho na namba ambazo mgeni asingezielewa. Earnest aliandika programu iliyotoa majina kamili ya watu na muda ambao kila mmoja alikuwa kimya bila kugusa kibodi, akaipa jina la finger, yaani kidole. Baadaye, kwa maombi ya watumiaji, iliongezwa faili ya Plan, ambamo mtu aliweza kueleza kwa nini hayupo na atarudi lini. Mwezi Desemba 1977 Ken Harrenstien aliiandikia huduma hiyo itifaki, RFC 742, na kompyuta moja ikaweza kuiuliza nyingine habari za watumiaji wake kupitia mlango namba 79.

Majibu yaliyotolewa na finger katika Unix yalikuwa na mengi kuliko jina. Muulizaji alijua saa ambayo mtu aliingia, amekaa kimya kwa muda gani, na mara nyingi pia lini alisoma barua pepe kwa mara ya mwisho. Aliyetuma barua asijibiwe aliweza kuhakikisha kama imesomwa, bila mpokeaji kufahamu kwamba ameulizwa. Kati ya watafiti waliofahamiana jambo hilo halikuwa na uzito. Mtandao ulipopanuka, muulizaji akawa mtu yeyote.

Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilisambaa katika intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ya finger. Huduma hiyo ilisoma swali la muulizaji na kuliweka katika nafasi ya kumbukumbu ya baiti 512 bila kupima urefu wake. Programu ya Morris ilituma baiti 536, na ziada ikafuta sehemu ya kumbukumbu iliyoongoza utendaji wa mashine. Tukio hilo hutajwa mara kwa mara kama sababu ya finger kufungwa, na maelezo hayo yanachanganya mambo mawili. Kosa la kutopima urefu lilikuwa la uandishi wa programu, nalo lilirekebishika. Kufichua habari za watu ndiyo kazi yenyewe ya amri hiyo. David Zimmerman alilitambua hilo katika RFC 1288 ya Desemba 1991, aliposisitiza kwamba wasimamizi waamue kwa makusudi kama huduma hiyo iendeshwe na itoe habari zipi. (Waraka huohuo una kifungu kinachohusu mashine za kuuzia vinywaji, ambazo nazo zilitarajiwa kujibu swali la finger.)

Wasimamizi wengi walifunga mlango namba 79, lakini rekodi haikuondoka. Faili ya /etc/passwd ina mstari mmoja kwa kila mtumiaji wa mfumo, wenye sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili, kama katika mfano huu wa kubuni:

amina:x:1004:1004:Amina Juma,Chumba 12,,:/home/amina:/bin/bash

Herufi x inaonyesha kwamba nywila imehamishiwa katika /etc/shadow, faili isiyosomwa na watumiaji wa kawaida. Sehemu ya tano, iitwayo GECOS, haikuhamishwa. Katika mifumo ya Debian, amri ya adduser kwa desturi humwomba msimamizi jina kamili, namba ya chumba, simu ya kazini na simu ya nyumbani, na yote hukaa hapo. Msimamizi mwenye bidii hujaza kila kitu. Tangu hapo kila mwenye akaunti katika seva, hata mwanafunzi wa wiki moja, anaweza kuandika getent passwd amina na kuisoma namba hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi maalumu. Ni vigumu kueleza simu ya nyumbani ya mwanafunzi inatimiza kusudi gani katika faili hii.

Faili yenyewe haiwezi kufichwa kwa urahisi, kwani amri ya ls huihitaji ili kugeuza namba kuwa jina. Mfumo humtambua mtumiaji kwa namba, hapa 1004, na jina ni lebo tu. Akaunti ya Amina ikifutwa na faili zake zikaachwa, kisha namba 1004 ikapewa mtu mwingine, amri ya ls -l itaonyesha faili hizo kuwa za huyo mgeni, na kwa mujibu wa mfumo ni zake kweli.

Amri ya w haina budi kutajwa, kwani huonyesha walioingia pamoja na kazi anayoifanya kila mmoja. Ikisaidiwa na ps, huweka wazi maneno yote yaliyoandikwa baada ya jina la programu. Mtafiti anayefungua hifadhidata yake kwa kuandika nywila ndani ya amri anaweza kuwa ameionyesha kwa kila aliyemo, ingawa baadhi ya programu hujaribu kuifuta haraka. Katika Linux msimamizi anaweza kuzuia hali hiyo kwa kuifungua /proc kwa chaguo la hidepid=2, ili kila mtu aone kazi zake mwenyewe tu. Kwa sehemu ya GECOS, amri ya chfn inatosha kufuta namba za simu zilizokwisha kuandikwa.