Lugha ya Muuguzi na Usalama wa Mgonjwa

Uuguzi ni elimu ya mikono na macho, lakini aghalabu huanza kwa swali. Kabla ya kipimajoto kutiwa kwapani, muuguzi huwa amekwisha kumwuliza mgonjwa jambo, na jibu alipatalo ndilo limwelekezalo mahali pa kutazama. Nchini Kenya mwanafunzi wa uuguzi husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha aingiapo wodini hutakiwa kuuliza, kufunza na kuonya kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya wenyeji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine si jambo dogo, na kwamba usalama wa mgonjwa hutegemea uvukaji huo.

Tuanze na upimaji. Desturi ya Kiswahili humtaka mtu aulizwaye "Hujambo?" ajibu "Sijambo", hata akiwa taabani. Jibu hilo ni la adabu, wala si habari ya afya. Vivyo hivyo swali "Umelala vizuri?" huvuta jibu la "Vizuri" kwa heshima tu. Tatizo hili si letu peke yetu. Florence Nightingale, katika kitabu chake Notes on Nursing kilichotoka mwaka 1859, aliyalaumu maswali yanayomwekea mgonjwa jibu kinywani, akapendekeza aulizwe amelala saa ngapi na wakati gani wa usiku. Kwetu sisi funzo hilo lina uzito zaidi: salamu na ziishe kwanza, ndipo maswali ya uuguzi yaanze, nayo yaanze kwa wapi, lini, vipi na mara ngapi.

Jambo la pili ni majina ya viungo. Neno "mkono" huenea kutoka begani hadi vidoleni, na "mguu" kutoka nyongani hadi wayoni. Mgonjwa asemapo mguu unamwuma hajakosea lugha, lakini hajamwonyesha muuguzi mahali. Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno mahususi: tuna paja, goti, muundi, kifundo na wayo, tuna kigasha na kiganja. Kinachopungua ni mazoea ya kuyatumia, na pale ambapo mgonjwa hayajui, yafaa aombwe aguse penye maumivu. "Moyo" nao una mtego wake. Aliyechafukwa na moyo anataka kutapika. Anayeumwa chini ya chembe cha moyo huenda ana maradhi ya tumbo, na pia huenda ni moyo wenyewe. Muuguzi asifasiri neno kabla ya kuuliza zaidi.

Majina ya maradhi yana hatari kubwa zaidi. "Homa" kwa huyu ni joto la mwili, kwa yule ni malaria, na kwa mwingine ni mafua. Mama asemapo "Mtoto ana kifua" anaweza kuwa na maana ya kikohozi kidogo au nimonia. Hapo neno halitoshi. Hapana budi kuhesabu. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka 1 hadi miaka 5 akivuta mara 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi. Hesabu hiyo huchukuliwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Neno la mama hufungua mlango, nayo saa ya muuguzi huthibitisha.

Katika kufunza matumizi ya dawa, mitego huzidi. Bahasha nyingi za dawa huandikwa "kutwa mara tatu". Lakini Mswahili hutofautisha kutwa na kucha. Kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mwenye kulishika neno hilo barabara atameza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, kisha usiku kucha akae bila dawa. Tukisema badala yake "kila saa nane", mwingine atasikia kwamba anywe mara moja tu, saa nane mchana. Ajabu ni kwamba umbo "masaa", ambalo sisi walimu hulikata kwa wino mwekundu, limezuka katika vinywa vya watu likitenganisha muda na wakati wa saa. Sisemi tulihalalishe. Nasema tuone haja iliyolizaa, nasi tuseme waziwazi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku.

Kadhalika "kijiko". Kijiko cha chai huchukua mililita 5, na cha mezani mililita 15. Mtoto aliyeandikiwa cha kwanza akapewa cha pili amekunywa dawa mara tatu ya kipimo chake. Maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara hutengenezwa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo hivyo vikibadilishana, dawa hugeuka sumu.

Basi muuguzi atajuaje kwamba ameeleweka? Si kwa kuuliza "Umeelewa?", kwa maana adabu itajibu "Ndiyo". Afadhali aseme: "Mama, hebu nieleze utakavyompa mtoto dawa hii ukifika nyumbani." Kosa likijitokeza, muuguzi aeleze upya kwa maneno mengine, pasipo kumwaibisha, kisha amwombe arudie.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kumpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizo mbili hukutana kitandani pa mgonjwa. Idara zetu zimetumia jitihada nyingi kuunda istilahi za sayansi; haifai tuishie hapo. Twende wodini na zahanati pamoja na walimu wa uuguzi, tuyasikilize maneno yanayotumika, tuyapime maana zake, tuwaandalie wanafunzi wao mafunzo yanayotokana nayo. Istilahi iliyo sanifu lakini haimfikii mgonjwa haijamaliza kazi yake.