Jua la bure, barafu ya ghali

Mocímboa da Praia na Palma, kwenye pwani ya kaskazini ya Msumbiji, zina kiwanda cha jua tangu enzi za mababu: kichanja. Samaki hupasuliwa mgongoni, hutiwa chumvi, huanikwa na kugeuzwa mpaka awe ng'onda. Hakuna bili, hakuna fundi. Lakini mvua za Desemba zikianza, samaki hunuka kabla hajakauka. Na hoteli za Pemba hazitaki ng'onda. Zinataka nguru mbichi aliyelala kwenye barafu.

Barafu hutaka umeme, lakini umeme mkubwa wa jua wa mkoa huu wa Cabo Delgado uko bara. Metoro, wilayani Ancuabe, kuna mtambo wa megawati 41 wa kampuni ya Neoen na shirika la umeme la EDM, uliozinduliwa 2022. Balama, mgodi wa grafiti wa kampuni ya Syrah ulipata paneli za megawati 11.25 na betri mwaka 2023, ili kupunguza dizeli. Grafiti hutumika kutengeneza betri, kwa hiyo mgodi umenunua, kwa namna fulani, bidhaa yake yenyewe.

Pwani ya kaskazini, kwa upande wake, ilipata pigo. Kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa katika vita vya waasi wa Cabo Delgado, wilaya zikakaa gizani. Jenereta ikawa ndiyo gridi, na bei ya barafu ikafuata bei ya dizeli.

Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lúrio kiko Pemba, na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada asihangaike mbali: achukue barafu ya jua. Mashine ndogo ya barafu, kwenye joto letu, hula uniti 80 hivi kugandisha tani moja. Kilowati moja ya paneli hutoa takriban uniti 4 kwa siku. Basi kilowati 20 zinatosha tani moja kwa siku, tena bila betri ya bei mbaya: mashine inafanya kazi jua likiwaka, na barafu ya saa nane mchana inasubiri chomboni mpaka alfajiri. Barafu yenyewe ndiyo akiba. Chuma kipakwe rangi dhidi ya chumvi, na fremu zifungwe kwa kukumbuka kimbunga Kenneth cha Aprili 2019.

Kinachoniumiza kichwa ni upepo wa kusi. Ukivuma kwa nguvu, madau hubaki ufukoni siku nyingi, mashine inagandisha barafu isiyo na mnunuzi, na mkopeshaji wa fedha za mashine hasubiri upepo utulie. Labda umeme wa siku hizo usage mahindi.