Flashi Ikaguliwe Kabla ya Kufunguliwa

Katibu wa chama cha msingi atokaye Uwemba kwenda Njombe mjini kuchapisha taarifa ya mkutano mkuu huweza kubeba kazi ya msimu mzima ndani ya flashi moja: majina ya wanachama, kilo za viazi walizoleta na fedha wanazodai. Flashi hiyo ikichomekwa katika kompyuta yenye virusi, huweza kurudi navyo chamani. Kwa hiyo yafaa kila katibu aelewe kazi ya programu ya kingavirusi.

Kingavirusi ni mkaguzi. Hupitia faili moja moja na kulinganisha yaliyomo na orodha ya alama za virusi vilivyokwisha kujulikana. Orodha isipohuishwa, virusi vipya huweza kupita.

Lakini mkaguzi hawezi kukagua daftari asiloweza kulisoma. Kila diski hupangwa kwa utaratibu uitwao mfumo wa faili. FAT32, upatikanao katika flashi nyingi, husomwa na karibu kompyuta zote. NTFS ni wa Windows. Kompyuta ya Mac huusoma, ila kwa kawaida haiwezi kuandika humo. Basi kingavirusi yake huweza kuviona virusi isiweze kuvifuta. Nayo Windows kwa kawaida haisomi ext4, mfumo wa Linux. Hivyo maneno "hakuna virusi" yahusu yale tu yaliyosomwa.

Tena, virusi vilivyotungwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida havitendi kazi katika Linux, lakini hukaa katika flashi vikingoja kompyuta ya Windows. Ndiyo maana ClamAV, kingavirusi ya bure iliyoanza mwaka 2002 na itumikayo sana katika Linux, hutafuta pia virusi vya Windows.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili. Viko virusi vinavyoficha faili za flashi na kuweka njia za mkato mahali pake. Katibu akidhani kazi imepotea, huifomati flashi, na hapo ndipo huipoteza kweli. Asiifomati, wala asibofye njia hizo. Flashi ikaguliwe kwanza, kisha faili zifichuliwe.

Pamoja na hayo, nakala ya pili ihifadhiwe ofisini, na leja ya karatasi iandikwe kila siku ya mapokezi. Mwanachama aliyeleta mazao yake anadai malipo. Virusi si udhuru.