Je, Wajua? Konokono Anayemlaza Mwatiko na Njaa

Sogea hapa, msomaji, leo tunachungulia mabwawa ya maji ya chumvichumvi!

Je, wajua kuwa samaki aitwaye mwatiko hana jino hata moja? Nchini Ufilipino, ambako humwita bangus, hufugwa akila utando laini wa mwani unaoota kwenye sakafu ya bwawa. Wenyewe huuita lablab.

Je, wajua nani humpora chakula hicho? Konokono mwembamba wa mikoko, urefu wa sentimita 4 hivi! Wakiwa 100 tu kwa kila mita ya mraba, hekta moja ina konokono 1,000,000. Piga hesabu mwenyewe!

Je, wajua kuwa uzi mmoja wa mayai yake hubeba mayai zaidi ya 1,000? Wadogo wakianguliwa huelea majini kwanza. Ukifungua mlango wa bwawa maji yakijaa, wanaingia bila hodi!

Je, wajua kuwa konokono huyu ana mlango wake? Bwawa likikauka juujuu, hujifungia kwa kifuniko kigumu na kusubiri maji yarudi. Ndiyo maana wafugaji huacha jua lipige hadi tope lipasuke nyufa.

Je, wajua kuwa vumbi la tumbaku humuua? Nikotini humaliza konokono, kisha vumbi lilelile huoza na kuwa mbolea ya lablab. Kazi mbili, mfuko mmoja!

Hili je? Chokaa na mbolea ya salfeti ya amonia vikikutana kwenye tope lenye unyevu, hutoa amonia kali inayoua konokono. Na ganda la konokono mwenyewe likichomwa hutoa chokaa! Dawa ya moto ni moto.

Je, wajua kuwa zamani wafugaji wa Ufilipino walimwaga sumu zenye madini ya bati? Zilipigwa marufuku miaka ya 1990. Sumu za ukoo huohuo, zilizotiwa kwenye rangi za meli, ziliwafanya konokono majike wa baharini waote viungo vya kiume! Mkataba wa dunia wa kuzuia rangi hizo ulianza kazi mwaka 2008.

Je, wajua kuwa kaa wa mikoko huvunja ganda la konokono kwa gando lake na kula nyama? Adui wa bwawa ni kitoweo cha kaa!

Na hapa kwetu? Katika mikoko ya Gazi, Kenya, konokono wa ukoo wa karibu hupanda mti kabla maji hayajafika. Saa ya kupwa na kujaa anayo mwilini!

Nawe uliye na bwawa la mwatiko Mtwara, Pemba au Kilifi: kausha hadi tope lipasuke, okota konokono kwa mkono kabla hawajataga, tia chokaa kabla ya kupandikiza vifaranga. Sumu kali usiiguse. Samaki huyo ataliwa na wanao.