Usisogeze Kiti Kwanza

Sarafu ya dola mbili ya Australia ni ndogo kuliko ya dola moja. Upana wake ni milimita 20.5 tu, na hakuna sarafu ya matumizi ya kila siku inayoizidi thamani nchini humo. Wengi Sydney huwa nayo garini kwa ajili ya toroli ya supamaketi. Gari likikata kona kwa kasi kidogo, sarafu inateleza mfukoni au kwenye kijishimo cha kuwekea vikombe, inazama kwenye ufa ulio kati ya kiti na kasha la gia. Ufa huo uko kushoto kwa dereva, maana Australia, kama Tanzania, Kenya na Uganda, usukani uko kulia.

Ingekuwa sarafu peke yake, mtu angesamehe. Lakini kwenye vitongoji vya magharibi ya Sydney, kuanzia Auburn hadi Blacktown na Mount Druitt, ambako familia nyingi kutoka Afrika Mashariki na Kongo zimeweka makazi, gari linabeba maisha yote ya siku: zamu ya usiku, watoto wa shule, msikiti, kanisa, harusi ya upande wa pili wa mji. Vinavyodondoka ni vingi. Pini ya ushungi, hereni moja ya jozi iliyotoka kwa bibi, kadi ya Opal ya kupandia treni, ufunguo wa nyumba, kifaa cha masikioni cha mzee, simu. Aliyepoteza simu kitini akiwa na dakika tano za kuwahi kazini anajua mkono unakimbilia wapi: kwenye kishikio cha kusogezea kiti.

Hapo ndipo ninapoomba mkono usimame. Wahenga walituambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kiti cha gari nasisitiza kuinama kuje kwanza, na kiti kibaki palepale kilipokuwa wakati kitu kinadondoka, mpaka jicho liwe limekiona. Kiti cha gari la leo ni mtambo. Kina reli za chuma, meno ya kukaba, mara nyingi kina mota ya umeme, na chini yake zimepita nyaya ambazo uhai wa abiria unazitegemea.

Wenye ndege walilijua hili mapema kuliko sisi wenye magari. Mwezi Mei 2016, ndege ya Qantas aina ya A380 ilikuwa safarini kutoka Sydney kwenda Dallas, Marekani. Ikiwa imebakiza kama saa mbili kutua, moshi ukaanza kutoka kwenye kiti cha abiria. Kifaa cha kielektroniki kilikuwa kimeingia ndani ya kiti, na kiti kilipojongea kikakibana na kukiponda pamoja na betri yake. Wahudumu walikata umeme wa kiti, wakakinasua kifaa, wakakitumbukiza kwenye jagi la maji, kisha jagi likatiwa ndani ya sanduku la chuma na kulindwa hadi ndege ilipotua. Matukio ya namna hii ndiyo sababu leo ukipanda ndege mara nyingi unasikia tangazo: simu ikikudondokea kitini, usikisogeze kiti, mwite mhudumu.

Tukio jingine linatisha zaidi. Februari 2014 ndege ya jeshi la anga la Uingereza aina ya Voyager ilikuwa ikienda Afghanistan, imebeba watu 198. Rubani alikuwa ameacha kamera yake katikati ya sehemu ya kuegemeza mkono na wenzo wa kuongozea ndege. Aliposogeza kiti chake mbele, kamera ikausukuma wenzo. Ndege ikachomoka kuelekea chini, ikapoteza futi 4,400 kwa sekunde 27 kabla ya kudhibitiwa. Kamera ndogo na kiti kilichosogezwa bila kuangalia. Hakukuwa na hitilafu nyingine.

Garini mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo. Simu iliyolala kwenye reli, ukibonyeza swichi ya kiti cha umeme, mota haijui kama inaponda simu au inapita hewani. Betri ya lithiamu ikipasuka inaweza kutoa moto na moshi wa sumu, na wewe umeikalia. Hata kiti cha kusukuma kwa mkono kinaweza kukata pete ya dhahabu, au kuisukuma sarafu ikakwama kwenye meno ya reli, kiti kisikabe tena sawasawa. Kiti kisichokaba ni hatari siku ya breki kali.

Nyaya pia zinataka heshima. Ukimulika chini ya viti vya mbele vya magari mengi utaona viungio vya rangi ya manjano. Hizo ni nyaya za mifuko ya hewa ya ubavuni na za kifaa kinachokaza mkanda ajali inapotokea. Kwenye kiti cha abiria mara nyingi kuna pia kihisio kinachotambua kama kuna mtu amekaa. Usizivute wala usizichomoe ili mkono upite, na usiingize waya wa henga kwa kupapasa. Ikiwa lazima kiti king’olewe, hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuondoa betri ya gari na kusubiri umeme uliobaki uishe.

Kuhusu kutafuta huku gari linatembea, sina maneno ya kupamba. Simama. Kama uko ndani ya mahandaki ya barabara kuu ya WestConnex ambako hapafai kusimama, kilichodondoka kibaki chini mpaka utokee juu na upate maegesho. Jimbo la New South Wales lina kamera za kunasa wanaoshika simu wakiendesha, na faini zake zilianza kutozwa tarehe 1 Machi 2020. Kosa hilo hukupa pointi tano za adhabu. Mwenye leseni ya P1, ile ya dereva mpya, ukomo wake ni pointi nne. Kwa hiyo kuokota simu mara moja kunatosha kuipoteza leseni, na kwa dereva anayeishi kwa usukani ina maana amepoteza na kazi.

Gari likishasimama na kuzimwa, anza na tochi. Usiishike juu ukimulika chini. Ilaze kwenye kapeti ili mwanga utambae sambamba na sakafu. Pete inang’aa, hereni inatupa kivuli kirefu, hata pini nyembamba inaonekana. Kisha hama. Watu wengi hutafuta wakiwa wamekaa palepale walipopotezea, mkono umebanwa kwenye ufa, ngozi inachubuka. Toka, fungua mlango wa nyuma, piga magoti uangalie chini ya kiti cha mbele kutokea nyuma, kwani upande huo ndio ulio wazi zaidi. Mkono usipoenea, ingiza simu ya mwenzako ikirekodi video huku taa yake inawaka, halafu itazameni mkiwa mmetulia.

Kwenye ufa wenyewe, chunga kidole. Ukisukuma mkono ndani, godoro la kiti linabonyea, ufa unapanuka, na kile ulichokuwa unakigusa kinashuka chini zaidi. Weka kwanza kipande cha kadibodi chini ya kitu, kikizuie, ndipo utumie kibano cha plastiki au rula iliyofungwa utepe wa gundi uliogeuzwa nje. Kwa vidogo kabisa, kama jiwe la pete au ushanga wa tasbihi uliokatika, vuta soksi nyembamba ya nailoni juu ya mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Kitu kitanasa kwenye soksi badala ya kumezwa.

Sumaku inasifiwa sana, lakini Sydney inakuangusha. Sarafu za Australia ni za mchanganyiko wa shaba na nikeli, na zile za dola ni za shaba na alumini. Hazishikwi na sumaku. Dhahabu na fedha hazishikwi pia, wala funguo nyingi za nyumba. Sumaku itakupa skrubu, pini za nywele za chuma, na ufunguo ikiwa tu umefungwa kwenye kipete cha chuma.

Usipokiona pale kilipoangukia, fikiria mtikisiko. Januari 2023, Australia Magharibi, kidonge chenye mionzi ya sizi-137, urefu milimita 8 na upana milimita 6, kilidondoka kutoka kwenye lori lililotoka mgodi wa Gudai-Darri kwenda Perth, safari ya kilomita kama 1,400. Waliokitafuta waliifuata njia ya lori hatua kwa hatua, na tarehe 1 Februari gari lenye vipimo vya mionzi, likienda kilomita 70 kwa saa, likakinasa kikiwa mita mbili hivi kutoka barabarani, kusini mwa mji wa Newman. Walifaulu kwa sababu waliuliza kitu kilipita wapi. Nawe jiulize hivyo: tangu kilipodondoka umepanda mlima gani, umefunga breki mara ngapi? Breki husukuma vitu mbele, kuelekea kwenye pedeli. Kuondoka kwa kasi huvirudisha nyuma. Mara nyingi hereni ya abiria wa mbele huokotwa miguuni mwa waliokaa nyuma.

Na usikiache hadi kesho wakati wa kiangazi. Penrith, magharibi ya Sydney, ilifikia nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020, na hiyo ni hewa ya kivulini. Ndani ya gari lililofungwa ni zaidi, na simu iliyofichika chini ya kiti haitakiwi kulala huko.

Kwa ndugu zetu wanaoendesha teksi na Uber, kilichomo mvunguni ni mali ya mtu. Abiria akipiga simu akasema, “Kaka, nadhani hereni yangu imebaki kwako,” jibu la “sijaona” halitoshi kama hukuinama. Amana haihitaji shahidi. Nawapa heshima madereva wanaozunguka gari lao na tochi kila mwisho wa zamu, kabla hata ya kuulizwa.

Mwisho ni kiti cha mtoto. Sheria ya Australia inamtaka mtoto aliye chini ya miaka saba akae kwenye kiti maalumu, na chini ya kitambaa cha kiti hicho ndiko makombo, sarafu na vipuli huishia. Mkanda wake ukikataa kutoa mlio wa kufunga, huenda kuna kitu kimeingia kwenye kifungio. Usitie mafuta, kipeleke kwenye kituo kilichoidhinishwa cha kufunga viti vya watoto. Ukikitoa ili kutafuta, hakikisha unaurudisha na ule mkanda wa juu unaoshikwa nyuma.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni betri ndogo za duara, zile za rimoti ya gari na vitochi vya funguo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili. Watoto watatu wamefariki hivyo Australia, na tangu tarehe 22 Juni 2022 nchi hiyo ina viwango vya lazima vya usalama kwa betri hizo na bidhaa zinazozitumia. Usibadilishe betri ya rimoti ukiwa garini. Ikikuponyoka, mtoto asikae kwenye kiti kile mpaka ipatikane. Na kama alikuwa amekaa hapo na betri haionekani, usisubiri akohoe wala atapike. Piga 13 11 26, kituo cha taarifa za sumu, kinapokea saa 24. Akipumua kwa shida, piga 000. Kiti kitapekuliwa baadaye.