Njaa ya Kujitakia Inavyofungua Mlango wa Kujiua

Maswali tunayoletewa kutoka Kianjai na Tigania kwa jumla, huku Meru, yanafanana. Binti wa sekondari amekonda, sahani ya githeri inarudi jikoni vilevile ilivyotoka, na mama anaambiwa ama mtoto karogwa ama kaiga maradhi ya wazungu. Hayo yote ni uongo. Mwaka 2004 daktari Frank Njenga na mwenzake waliandika kuhusu anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa unene, nchini Kenya; wagonjwa walikuwa wachache, lakini walikuwepo. Na mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha dalili za matatizo ya ulaji miongoni mwa wanawake wa Tanzania.

Wasichouliza wazazi ni kuhusu kujiua, nako ndiko kwenye hatari kubwa. Mapitio ya tafiti 36, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba katika kila vifo vitano vya wagonjwa wa anoreksia, kimoja ni cha kujiua.

Kwa nini? Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula karibu nusu, kwa miezi sita, vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili. Walipoteza takriban robo ya uzito. Lakini lililotisha zaidi ni mabadiliko ya akili zao: walikuwa na huzuni na hasira, waliwakwepa rafiki zao, wakashinda wakiwaza chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Mmoja alijijeruhi mkono vibaya sana. Hakuna aliyewaroga. Ubongo usiolishwa huzalisha huzuni, na huzuni nayo huua hamu ya kula, mpaka mgonjwa hawezi tena kujinasua peke yake.

Mwanasaikolojia Thomas Joiner aliongeza jambo jingine mwaka 2005. Binadamu huzuiwa kujidhuru na woga wa maumivu. Anayevumilia njaa siku baada ya siku, au anayejitapisha kila baada ya chakula, anauzoeza mwili wake maumivu, na woga ule unapungua kidogo kidogo. Akijiona pia kuwa ni mzigo kwa jamaa zake na hana wa kumtegemea, hatari huwa kubwa mno. Kwa hiyo msemo kwamba "huyu ni dhaifu, hawezi kujifanyia lolote" ni wa kupotosha kabisa.

Wala msimtafute mgonjwa kwa wembamba pekee. Mwenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, anaweza kuwa na uzito wa kawaida. Tazama makovu kwenye vifundo vya vidole, yanayotokana na meno anapojitapisha, na mashavu yaliyovimba chini ya masikio. Na huku kwenye miraa, msiseme haraka kwamba ni majani tu yaliyokata hamu ya kula. Ni kweli kemikali ya kathinoni iliyomo kwenye miraa huikata, lakini maelezo hayo yanaweza kuficha ugonjwa.

Wauzaji wa chai za kukata tumbo wananikera. Nyingi zina sena, dawa ya kuharisha. Haziondoi mafuta, kwa kuwa chakula kimeshafyonzwa kabla hazijafanya kazi. Zinachoondoa ni maji na potasiamu, madini yanayoendesha mapigo ya moyo. Kumuuzia chai hiyo binti anayejinyima chakula ni kuchezea uhai wake. Naye anayedai kufukuza pepo kwa malipo anamcheleweshea tiba.

Mwulize mgonjwa waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali ya Miathene au ya rufaa ya Meru, au upige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Na msimfiche kwa kuwaogopa polisi: tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.