Mitambo ya Zamani: Tuitunze au Tuitupe?

Kitu kizito kikishafika Bangboka si rahisi kukiondoa. Uwanja wetu wa ndege uko kilometa 17 hivi kutoka mjini Kisangani, na toka Kisangani hata Kinshasa, kwa njia ya mto, ni kilometa 1,700 na zaidi. Ndiyo maana kompyuta nne zilizoletwa shuleni kwetu kutoka Ulaya, zawadi ya miaka ya 1990, zingali chumbani hata leo. Skrini zao zenye matumbo makubwa zimekula nafasi ya madawati. Katika sanduku la mojawapo kuku wa mlinzi hutaga mayai.

Juzi sisi walimu tulifanya baraza. Wengine walitaka mitambo yote ifukiwe nyuma ya shule. Wengine walitaka ivunjwe kwa nyundo na shaba yake iuzwe. Shauri hilo la shaba lilitutia hofu. Kioo cha skrini hizo kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Tena nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake huingia mapafuni mwa mchomaji. Kule Agbogbloshie, katika mji wa Accra, vijana walichoma nyaya hivyo miaka mingi, mpaka mahali pale pakabomolewa mwaka 2021. Na shimo letu lingekuwa karibu na kisima.

Ndipo mwalimu mmoja mzee akaleta mkebe wa biskuti uliojaa disketi. Disketi moja haiwezi kubeba hata picha moja kubwa ya simu za leo. Lakini humo karani wetu wa zamani alinakili majina na alama za wanafunzi. Daftari zenyewe ziliteketea mjini Juni 2000, katika vita vya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana Kisangani. Watoto wale sasa ni wazazi, na baadhi yao huja kuomba ushahidi kwamba walisoma.

Hata Waingereza walikosea katika jambo hili. Baada ya vita kuu iliyokwisha mwaka 1945, walizivunja karibu zote zile kompyuta zao ziitwazo Colossus. Miaka mingi baadaye ikawapasa kuunda moja upya kwa kufuata picha chache na kumbukumbu za wazee.

Basi tulikopa jenereta. Kompyuta mbili hazikuamka kabisa. Ya tatu ilitoa harufu mbaya, tukaizima upesi. Ya nne ilisoma. Katika disketi 23, 14 zilifunguka, na yaliyomo tumeyaandika kwa wino katika daftari mpya. Skrini tatu tumeziweka juu ya mbao, vioo vizima, mbali na watoto, hata ipatikane njia ya kuzipeleka kwa mafundi wanaojua kuzifungua bila kudhuru mtu.

Jumatatu alikuja mama mmoja, tukaliona jina lake. La mdogo wake hatukuliona. Labda limo katika zile tisa zilizoota ukungu. Kwa ajili ya hizo, kompyuta ya nne imebaki mezani.